Maandishi Yaliyonyooka kwa Msomaji Mwenye Usonji

Wako wazazi katika mji wa Morogoro ambao, baada ya miaka ya wasiwasi na kwenda kwa tabibu huyu na yule, siku moja hutembea na mtoto wao mwenye usonji kutoka stendi ya Msamvu mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu, wakamsikia akisoma kwa sauti kila ubao wa duka, kila tangazo la mganga na kila jina lililoandikwa ubavuni mwa basi, bila kukwama wala kukosea hata silabi moja, nao wakarudi nyumbani na furaha isiyo kifani, wakiamini kwamba mlango wa elimu umekwisha funguka na kazi iliyobaki ni ya vitabu tu. Furaha hiyo ni halali yao, wala mimi si mtu wa kuwapokonya. Lakini nasaha yangu ya kwanza ni kwamba wangoje kidogo kabla ya kununua vitabu, kwa sababu lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa, na mtoto akiisha kuzishika silabi zake anaweza kuutamka ukurasa mzima wa katiba kwa ufasaha wa wakili, pasipo kujua hata ibara moja inasema nini.

Jambo hili si geni kwa mabingwa wa elimu ya usonji. Leo Kanner, tabibu wa watoto huko Baltimore, alipowaeleza watoto 11 katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1943, aliandika juu ya hafidha zao za ajabu, na juu ya namna walivyoyapokea maneno kwa maana yake ya wazi, wasisogee hatua moja nje yake. Tangu hapo ilimu imepanuka sana, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Na katika umati huo wamo wasiosema neno, wamo wahadhiri wa vyuo vikuu, na wamo wanaofahamu mafumbo vizuri kuliko jirani zao. Kwa hiyo yeyote atakayekwambia kwamba watu wenye usonji wote husoma hivi au vile, msikilize kwa adabu kisha uendelee na shughuli zako.

Mpime huyu uliye naye. Mwandikie kwenye karatasi, usimwambie kwa mdomo: weka kikombe chekundu chini ya meza. Akifanya, mwandikie amri yenye sharti: ukimaliza kula, peleka sahani yako jikoni. Akifanya na hiyo, mwandikie hadithi ya maneno machache: Asha aliingia ndani, nguo zake zilikuwa zimelowa, akaukung'uta mwavuli wake mlangoni; kisha muulize kwa maandishi, nje kulikuwa na nini? Wengi watafaulu majaribio mawili ya kwanza wakakwama katika la tatu, ambalo kwako wewe ni jepesi kuliko yote, maana neno mvua halimo mahali popote katika hadithi hiyo, na wewe umelitia mwenyewe bila hata kujua kwamba umelitia. Msomaji wetu aghalabu huachwa nyuma na yale ambayo mwandishi aliyanyamazia, akitumaini kwamba kila mtu atayajaza, na katika kuchagua kifaa chochote, cha bei yoyote, swali la kuuliza ni kama kitamsaidia kuyafikia hayo au kitamrembea tu yaliyokwisha semwa.

Nitatoa mfano wa waraka wa aina inayopelekwa nyumbani kila muhula, nao ni huu: "Mzazi/mlezi, unaombwa kufika shuleni Ijumaa ijayo saa mbili bila kukosa ili tuweke mambo sawa kuhusu chakula cha wanafunzi. Asiyefika asije akatulaumu." Waraka huu ameuleta mtoto, naye ameusoma njiani, maana husoma kila kitu. Hajui Ijumaa ijayo ni hii ya kesho au ya juma lile jingine. Hajui saa mbili ni ya asubuhi au ya usiku. Anashangaa mambo yaliyopinda yako wapi hata yahitaji kuwekwa sawa. Na sentensi ya mwisho imemtia hofu, kwa kuwa hajui lawama hiyo itamwangukia nani, mama au yeye. Usiku huo hatalala, na mama atadhani ni homa.

Sasa waraka huohuo ukinyooshwa kwa ajili yake utasomeka hivi:

Kikao cha wazazi ni siku ya Ijumaa, tarehe 14.
Kikao kitaanza saa 2:00 asubuhi. Simu ya mama itaonyesha 08:00.
Mama atakwenda kwenye kikao.
Wazazi na walimu watazungumza kuhusu chakula cha shuleni.
Wewe utabaki darasani na mwalimu wako.
Kikao kitakwisha saa 4:00 asubuhi. Simu ya mama itaonyesha 10:00.
Kikao kikiisha, mama atakuja darasani kukuona. Kisha mama atarudi nyumbani.
Wewe utarudi nyumbani saa 9:00 alasiri, kama kila siku. Simu itaonyesha 15:00.

Tazama kwanza urefu wake. Waraka ulionyooka ni mrefu mara kadhaa kuliko ule uliopinda, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa wakisikia maandishi mepesi hufikiri maandishi mafupi, wakaenda kutafuta programu ya kufupisha. Programu za akili mnemba, ambazo siku hizi zimo katika simu za hata wanafunzi, hufupisha kwa uhodari mkubwa, na katika kufupisha huzidi kuyaficha yaliyokuwa yamefichika. Ukitaka kuzitumia, na sioni ubaya wa kuzitumia, usiseme fupisha. Ziamuru hivi: andika sentensi moja kwa wazo moja, taja jina la mtu kila mara, taja siku, tarehe, saa na mahali, ondoa mafumbo, eleza nini kitatokea kwanza na nini baadaye, usiongeze jambo ambalo halimo. Kisha soma ulicholetewa neno kwa neno, waraka wa asili ukiwa mkononi, kwa sababu programu hizo huweza kudondosha namba au kubuni tarehe kwa uso mkavu kabisa. Maelezo ya dawa na vipimo vyake usizipe kabisa. Hayo yanyooshwe na mfamasia au muuguzi, kwa kalamu. Wala usizipelekee jina la mtoto, shule yake au maradhi yake, maana tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mlinzi wa kwanza wa taarifa za mtoto ni wewe.

La pili la kutazama katika waraka ule ni saa. Taabu hii ni yetu sisi wa Afrika Mashariki, nayo haimo katika vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa kwingine. Sisi huhesabu saa tangu macheo na machweo, ilhali simu, tiketi ya treni na ratiba ya chuo huhesabu tangu usiku wa manane. Mtu wa kawaida huvuka kutoka hesabu moja hadi nyingine bila kuhisi, lakini mwenye usonji aliyeambiwa saa mbili akaiona simu ikiandika 08:00 ana haki kabisa ya kukuita mwongo. Andika zote mbili daima, mpaka mwenyewe akwambie basi, inatosha. Na yale maneno yetu mengine ya wakati, kama vile baadaye kidogo, sasa hivi, mapema, muda si mrefu, yafute yote, uweke namba.

Namna hii ya kuandika, yenye kumweleza msomaji nini kitatokea na yeye atakuwa wapi, ina mwalimu wake mashuhuri, Carol Gray wa Michigan nchini Marekani, aliyeanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwatungia wanafunzi wake visa vifupi vya maisha ya kila siku. Kwetu huku visa hivyo ni rahisi kutunga. Mtungie mtoto kisa cha safari ya kwenda kwa bibi yake Mgeta: tutapanda gari hapa, gari litapita Sangasanga, kisha Mzumbe, kisha litaanza kupanda mlima, barabara ina kona nyingi, masikio yako huenda yakaziba, hayo ni ya kawaida, meza mate, gari linaweza kuharibika, likiharibika tutashuka na kungoja. Weka na picha, nazo uzipige mwenyewe. Serikali ya jimbo la Aragón huko Hispania inagharimia hazina kubwa ya michoro iitwayo ARASAAC, ambayo hupatikana bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, nayo inafaa sana kwa vitenzi kama kula, kulala na kungoja. Lakini basi linalochorwa Hispania si basi la Mgeta, na mtoto huyu, ambaye huona tofauti usizoziona wewe, atakuambia hivyo.

Nije kwenye mafumbo, ambayo ndiyo ladha ya lugha yetu. Mtu mzima husemwa kwamba amekula chumvi nyingi, na mtoto akaenda kumwonya babu asile tena. Shangazi akaandika kwa simu, nitakupigia, na mtoto akajificha. Wapo wataalamu wanaoshauri kwamba maneno ya namna hii yaondolewe katika kila andiko la msomaji mwenye usonji, na kwa waraka wa shule, dawa na safari nakubaliana nao pasi na shaka. Lakini kumlea mtoto katika milima ya Uluguru, ambako mjomba hawezi kumaliza shauri bila methali, kisha ukamnyima methali zote, ni kumfanya mgeni katika ukoo wake. Mfungulie daftari lenye safu mbili, kushoto maneno kama yalivyosemwa, kulia maana yake kwa maneno ya wazi, na kila fumbo jipya liingie siku hiyohiyo. Wako vijana ambao daftari hilo huwa hazina yao kubwa, wakalipanga kwa alfabeti, na mjomba mwenyewe akipewa kazi ya kuleta fumbo moja kila akija, hupata njia ya kuzungumza na mpwa wake ambayo pengine hakuwa nayo.

Adha nyingine iliyo kubwa ni ya viwakilishi. Kiswahili kina faida moja hapa, kwa kuwa upatanisho wa ngeli humwonyesha msomaji kama kilichovunjika ni kikombe au iliyovunjika ni sahani. Lakini wanapokutana watu wawili katika sentensi, faida hiyo hutoweka. Ukiandika kwamba Juma alimwambia Hamisi kuwa daftari lake limepotea, akaanza kulia, basi hakuna aliyemo duniani awezaye kuapa daftari ni la nani na aliyelia ni nani. Rudia majina. Mwalimu wako wa insha alikukataza kurudia, msamehe, umwasi.

Je, hapana mashine ya kuyafanya yote haya yenyewe? Ilijaribiwa. Baina ya mwaka 2011 na 2014 Umoja wa Ulaya uligharimia mradi ulioitwa FIRST, ambamo wataalamu wa lugha za kompyuta, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Wolverhampton nchini Uingereza na wa Alicante na Jaén nchini Hispania, walishirikiana na waganga na walezi, wakatengeneza chombo kilichoitwa Open Book, chenye kutafuta ndani ya andiko sentensi ndefu, maneno adimu, nahau na viwakilishi visivyojulikana mwenyewe, kisha kikavunja, kikaeleza au kikaweka picha. Kilifanya kazi kwa Kiingereza, Kihispania na Kibulgaria. Linalonipendeza zaidi ni kwamba wenyewe hawakukiamini chombo chao kupita kiasi, wakamwekea mlezi nafasi ya kukagua na kusahihisha kabla ya andiko kumfikia msomaji.

Kiswahili hakikuwamo, na kazi yake kwetu ingekuwa ya namna nyingine, maana neno letu moja hubeba sentensi nzima: katika asingalimwambia mna mtenda, kanushi, wakati, sharti na mtendwa, na mashine isiyoweza kulipasua haiwezi hata kujua kwamba ndani yake mna ambia. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliianza kazi ya kuifundisha kompyuta upasuaji huo mwaka 1985, katika mfumo aliouita SALAMA, kwa hiyo msingi upo. Mpaka atokee wa kuujengea nyumba ya wasomaji hawa, wewe ndiwe mashine, na kanuni ndogo ya kuchukua kutoka hapo ni kupasua maneno ya namna hiyo kwa mkono: badala ya asingalimwambia, andika Juma alimwambia Hamisi.

Hata hivyo simu iliyo mfukoni mwako inaweza zaidi ya unavyodhani. Fungua mipangilio, uingie sehemu ya ufikivu, utakuta huduma ya kusomewa kwa sauti. Pakua sauti ya Kiswahili, punguza mwendo wake, na msomaji ataweza kugusa aya akaisikia huku akiifuata kwa jicho. Wapo wanaoichukia sauti ya mashine kama wanavyochukia kelele za Msamvu, na hao rekodia kwa sauti yako mwenyewe. Herufi zikuzwe, mistari iachane, arifa zizimwe zote wakati wa kusoma, na karatasi nyeupe inayong'aa ibadilishwe rangi ya maziwa kama mwenyewe akipenda. Juu ya miandiko maalumu inayouzwa kwa sifa nyingi, hifadhi fedha yako.

Na yote hayo yafanye ungali mjini. Kilele cha Bondwa kimejaa minara ya mawasiliano inayoonekana kutoka kila mtaa wa Morogoro, lakini mawimbi hayo hayapendi kupinda, na bonde lililo nyuma ya mgongo wa mlima hubaki kivulini. Anayekaa upande wa Kinole au Kolero asitegemee kitu kinachodai bando kila dakika. Kifaa kizuri kwa mlimani ni kile kinachofanya kazi bila intaneti. Haya si ndoto: baina ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la XPRIZE la elimu, watoto wa vijiji takriban 170 mkoani Tanga walipewa vishikwambi wajifunze kusoma Kiswahili wenyewe, na mwezi Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana tuzo. Programu za shindano lile ziliachwa huria, nazo zinafaa kwa mtoto asiyejua silabi. Kwa yule wa kusoma mbao za maduka hazitaongeza kitu, kwa kuwa zinafundisha analolijua tayari.

Anachohitaji huyo kilipata kufanyika hapa nchini, kwa chombo duni kuliko simu. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi, wengi wao wakiwa ndio kwanza wametoka kisomoni. Redio ilisema, kijitabu cha maneno mepesi kilikuwa mikononi, na kiongozi wa kikundi aliuliza: tumesikia nini, na hapa kwetu tutafanya nini? Sauti, maandishi na mtu wa kuuliza, vitatu kwa pamoja. Simu ya leo inatoa viwili vya kwanza kwa urahisi mkubwa, na kwa hiyo watu hukisahau cha tatu. Baada ya kila aya, simamisha sauti, uulize swali moja la yaliyosemwa na moja la yasiyosemwa. Swali lako liandike, kama kujibu kwa mdomo kunamtaabisha.

Msomaji mkali atakuwa amekwisha niuliza kwa nini makala yenye kuhubiri sentensi fupi imeandikwa kwa sentensi zinazopanda kama barabara ya Nyandira. Jibu ni kwamba naandika kwa wazazi na walimu, kwa mwendo niliouzoea; barua ya mtoto ningeiandika vingine, na hiyo ndiyo kazi ninayowaombeni.

Shuleni, usiende kuomba hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkataba huo, katika ibara yake ya 21, unataka habari zitolewe kwa namna zinazoweza kufikiwa. Lakini nenda na waraka mmoja uliokwisha unyoosha mwenyewe, umwonyeshe mwalimu, kwa sababu mwalimu mwenye darasa la watoto wengi atakuelewa upesi zaidi kwa mfano kuliko kwa kifungu cha sheria, na mara nyingi atagundua kwamba wazazi wengine nao waliupenda waraka ulionyooka.

Nimebakiza vijana. Mwenye usonji aliyefika Chuo Kikuu cha Sokoine au cha Mzumbe aghalabu hana haja ya picha wala ya kusomewa, na pengine husoma kuwapita wenziwe. Kinachomwangusha ni karatasi ya mtihani inayosema, jadili kwa kifupi. Kifupi ni mistari mingapi? Kujadili ni kutaja faida tu, au na hasara, au na rai yake mwenyewe? Wenzake hukisia kwa kumjua mhadhiri alivyo, yeye hujaza kurasa sita katika swali la alama nne, muda ukamwishia. Mhadhiri anaweza kuandika: taja hoja mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga, kila moja kwa mistari mitatu, kisha sema wewe unaafiki upande gani na kwa nini. Kuandika hivyo humgharimu dakika chache kabla karatasi haijapigwa chapa, na wakati wa kusahihisha atakuta hata wale wasio na usonji wamejibu swali aliloliuliza.